Ganda la Risasi Si Chuma Chakavu

Ipo fikra moja potofu iliyoota mizizi katika vichwa vya watu wengi, wakiwemo hata wasomi na watumishi wa umma, kwamba risasi ikishafyatuliwa kazi yake imekwisha, na kwamba ganda linalobaki ni takataka ya shaba ambayo yeyote aweza kuiokota, kuipima kwa kilo na kuiuza. Bunduki huogopwa na risasi huhesabiwa, lakini ganda tupu limeachwa litembee huru kama kopo la maziwa. Wakati umefika fikra hiyo ing'olewe. Ganda lililokwisha kusafishwa, kunyooshwa na kutayarishwa ili lijazwe tena ni risasi ambayo haijakamilika. Anayelinunua ananunua nusu ya risasi, na anayeliuza anauza nusu ya risasi, hata kama mizani iliyotumika ni ya mnunuzi wa chakavu.

Mji wa Mbamba Bay unafaa sana kuwa mahali pa kulitazamia jambo hili. Mji huo ni makao makuu ya Wilaya ya Nyasa, iliyozaliwa kutoka Wilaya ya Mbinga mwaka 2012. Mbele yake liko ziwa, ambalo ng'ambo yake ni Malawi na kusini yake ni Msumbiji. Nyuma yake barabara ya lami inapanda milima ya Umatengo hadi Mbinga, na kutoka huko hadi Songea. Ushoroba wa Maendeleo wa Mtwara, unaoanzia Bahari ya Hindi, umekusudiwa kuishia hapo ufukweni, na Serikali imewekeza fedha nyingi katika bandari mpya ili kahawa, makaa ya mawe, saruji na samaki vipite kwa urahisi. Hayo ni maendeleo ya kujivunia. Lakini penye bandari, mpaka na barabara nzuri, mzigo mbaya nao hupata njia. Mlinzi wa kwanza dhidi ya mzigo huo ni mtumishi wa umma anayejua anachokitazama. Asiyejua atauona mfuko wa maganda na kuupisha, kwa kuwa hakuna aliyemfundisha kwamba kuna la kuuliza.

Basi ifahamike kwanza ganda ni kitu gani. Risasi kamili ina sehemu nne: kichwa kinachoruka, baruti inayokisukuma, fataki inayoiwasha baruti, na ganda linalovifunga vyote pamoja. Vitatu vya kwanza huteketea au huenda zake mara tu kifyatuo kinapovutwa. Ganda peke yake hubaki. Ganda zuri hutengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba sehemu 70 na zinki sehemu 30 katika kila mia. Mchanganyiko huo una tabia ya ajabu: baruti inapowaka, ganda hutanuka na kuziba chumba cha bunduki ili moto usimrudie mpigaji, kisha husinyaa kidogo ili litoke kwa urahisi. Katika bunduki kubwa za kuwindia mkandamizo wa ndani hufika karibu mara elfu nne ya ule wa hewa ya kawaida. Ganda hukingama mbele ya nguvu hiyo yote. Kulitengeneza kunahitaji mashine kubwa za kukanda na kuvuta shaba hatua kwa hatua, pamoja na vipimo visivyokosea hata kwa unene wa unywele. Fundi wa kijiji aweza kuyeyusha risasi nyeusi akapata kichwa. Hawezi kutengeneza ganda.

Hiyo ndiyo sababu ganda lililokwisha kutumika lina thamani. Katika nchi kadhaa za ng'ambo, hasa Marekani, kuyatayarisha maganda ya zamani na kuyauza imekuwa biashara kamili. Maganda hukusanywa kwenye viwanja vya shabaha, yakachambuliwa kwa chapa za vitako vyake, yakasafishwa hadi yang'ae. Fataki iliyokufa hung'olewa. Ganda hupitishwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma ili lirudie umbo lake la awali, mdomo wake hukatwa ili urefu uwe sawa, na tundu la fataki hupanuliwa kama lilikuwa limebanwa kiwandani kwa ajili ya matumizi ya jeshi. Mnunuzi akilipokea, kazi ngumu yote imekwisha. Anabakiwa na kutia fataki, kumimina baruti na kukaza kichwa, kazi ifanyikayo juu ya meza kwa mashine ya mkono. Kwa maneno mengine, muuzaji wa ganda lililotayarishwa huuza saa za kazi, na saa hizo ndizo zilizokuwa zikisimama kati ya takataka na risasi.

Hapa ndipo lilipo jambo zito. Ganda chafu lililookotwa vichakani lina masizi, lina mikwaruzo, pengine lina ufa shingoni, na sura yake yenyewe ni onyo. Ganda lililotayarishwa limefutwa historia yake. Linang'aa kama jipya, lakini mnunuzi hawezi kuona limepigwa mara ngapi. Shaba ya njano huchoka: kila inapotanuka na kukandwa tena hukakamaa, na isipopashwa moto kwa utaratibu maalumu hupasuka shingoni. Kila linapovutwa katika kalibu, ukuta wake hukonda juu kidogo ya kitako, na siku moja ganda hukatika vipande viwili ndani ya bunduki, moto ukatafuta njia ya kutokea usoni pa mpigaji. Zaidi ya hayo, maganda ya kijeshi mara nyingi huwa na kuta nene kuliko yale ya kiraia, kwa hiyo nafasi ya ndani ni ndogo. Kipimo kilekile cha baruti kilicho salama katika ganda moja chaweza kuvuka mpaka wa usalama katika jingine. Anayenunua mfuko wa maganda mchanganyiko kwa kutazama mng'ao ananunua asichokijua. Wahenga walisema si vyote ving'aavyo ni dhahabu. Katika biashara hii, king'aacho chaweza kuwa kaburi.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya mabingwa wa silaha, wala hayamhusu mwalimu wa Lituhi au karani wa Mbinga. Wanaosema hivyo wameisahau historia ya ardhi wanayoikanyaga. Katika Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, Wangoni na makabila mengine ya kusini walikwenda vitani kwa mikuki na magobore. Gobore hujazwa kwa mdomo wa mtutu: baruti kwanza, kitambaa, kipande cha chuma, kisha fataki nje. Halina ganda, na kwa hiyo mpigaji akishapiga mara moja huwa kama mtu asiye na silaha kwa muda mrefu. Upande wa pili walisimama askari wa Wajerumani wenye bunduki za maganda na mizinga ya Maxim. Tofauti kati ya pande hizo mbili haikuwa ushujaa. Ushujaa wa wazee hao haukuwa na shaka, na Songea hukumbukwa kila Februari 27 kwa ajili ya mashujaa walionyongwa siku hiyo mwaka 1906. Tofauti mojawapo kubwa ilikuwa ganda la shaba, lililofunga moto, baruti na kichwa katika kitu kimoja, likamwezesha askari mmoja kupiga mara kumi wakati mwenye gobore alikuwa bado anashindilia.

Vita vya Kwanza vya Dunia navyo vilifundisha somo hilohilo, na ufuko wa Ziwa Nyasa ulilishuhudia mapema. Agosti 13, 1914, huko Liuli, kaskazini ya Mbamba Bay, mashua ya kivita ya Waingereza iitwayo Guendolen iliipiga kwa mzinga meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Tangu vita vianze Wajerumani walifungiwa bahari. Aprili 1915 meli iitwayo Rubens iliwaletea silaha kwa siri hadi Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Ikapigwa na manowari ya Waingereza, na shehena ya risasi ikaingia maji ya chumvi. Wajerumani hawakuzitupa. Walizitoa majini, wakazifungua, wakaanika baruti, wakazijaribu fataki, kisha wakazifunga upya na kuendelea kupigana. Ndivyo risasi zilizohesabiwa kuwa zimekufa zilivyorudi kuua katika nchi hii.

Novemba 1917 jeshi hilohilo lilivuka Mto Ruvuma likiwa hoi. Askari wake wengi walikuwa bado wanabeba bunduki za mtindo wa mwaka 1871 zitoazo moshi mwingi, na risasi zake zilikuwa karibu kwisha. Huko Ngomano, Novemba 25, waliiteka kambi ya Wareno wakapata bunduki na risasi kwa wingi. Walifanya nini? Waliziacha bunduki zao wakachukua zile za Wareno, kwa kuwa bunduki isiyo na risasi ya saizi yake ni gongo tu. Bunduki huifuata risasi, na risasi haiwezi kuwapo pasipo ganda. Anayelidhibiti ganda ameidhibiti bunduki hata ile asiyoijua ilikofichwa.

Katika zama hizi, gharama ya kulisahau jambo hilo imeonekana porini. Katika mfumo wa Selous na Mikumi tembo walikadiriwa kuwa karibu 109,000 mwaka 1976. Sensa ya mwaka 2013 ilikuta karibu 13,000, na mwaka uliofuata Selous ikaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Mapito ya wanyama kutoka Selous hadi Niassa ya Msumbiji yanakatiza katika Mkoa wa Ruvuma, na Pori la Akiba la Liparamba liko huko huko mpakani. Kila tembo aliyeangushwa kwa bunduki ya kisasa aliangushwa kwa risasi yenye ganda, na ganda hilo lilitoka mahali. Bunduki moja iliyofichwa chini ya uvungu haimtishi tembo hata mmoja mpaka mtu apate cha kuilisha. Risasi kubwa za aina hiyo ni ghali na ni adimu. Kitu kilicho ghali na adimu, kama chaweza kujazwa tena, hakitakosa mtu wa kukijaza.

Je, sheria zinasemaje? Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, inakataza kumiliki na kutengeneza silaha au risasi pasipo leseni. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2001 kuhusu silaha za moto imekwenda mbali zaidi. Inaposema risasi, inataja risasi nzima pamoja na sehemu zake: ganda, fataki, baruti na kichwa, iwapo sehemu hizo zinahitaji kibali katika nchi husika. Maneno hayo ya mwisho yabebwe kwa uzito. Dunia imekubali kwamba ganda ni sehemu ya risasi, kisha ikaiachia kila nchi iamue kama italisimamia. Nchi inayonyamaza katika jambo kama hili imeacha mlango wazi.

Wapo wapinzani wa hoja hii, na haifai wapuuzwe. Wa kwanza ni yule anayesema: mkulima wa Mbinga anavamiwa na wanyamapori, mahindi yake yanaliwa, na risasi ya dukani ni ghali, kwa nini asinunue maganda yaliyotayarishwa akajaza mwenyewe? Je, huko siko kujitegemea? Swali hilo lina uchungu wa kweli ndani yake, na jibu lake lisiwe la dharau. Mkulima huyo anadai haki yake. Lakini haki yake ni kulindwa na askari wa wanyamapori wanaofika kwa wakati, na kulipwa kifuta jasho kilichowekwa na kanuni za mwaka 2011 bila kuzungushwa ofisi hadi ofisi. Ofisa anayekalia fomu ya mkulima kwa miezi ndiye anayemsukuma mkulima huyo kwenye gobore na kwenye baruti ya magendo. Urasimu wa namna hiyo ukome. Ama kujitegemea, maana yake haikuwa kamwe kila mtu afungue kiwanda cha baruti jikoni, karibu na moto na watoto. Taifa lilijitegemea katika jambo hili lilipoanzisha Shirika la Mzinga huko Morogoro mwaka 1974, mwaka uleule ambao vita vya ukombozi wa Msumbiji vilifikia kikomo baada ya miaka kumi ng'ambo ya Ruvuma. Huko ndiko kunakostahili ufundi, vipimo na dhamana.

Mpinzani wa pili ni msomi. Yeye husema: Uingereza haikumzuia mtu kununua ganda tupu, sheria yake ya mwaka 2006 ilibana uuzaji wa fataki. Afrika Kusini nayo, katika sheria yake ya mwaka 2000, ilihesabu fataki na risasi kamili. Kwa nini Tanzania ihangaike na ganda? Hoja hiyo ni nzito kuliko ya kwanza, lakini inasahau mazingira. Fataki mia moja huingia katika kiberiti, na kiberiti huingia katika mfuko wa shati. Mtumbwi mmoja usiku ziwani waweza kuvusha fataki za mwaka mzima, na hakuna askari atakayeziona. Maganda hayafichiki hivyo. Ni mazito, yana sauti, yanahitaji gunia, na mara nyingi hupita juu ya mizani ya mnunuzi wa chakavu mchana kweupe. Fataki ibanwe kwa nguvu zote. Lakini mwenye busara hukagua pia pale ambapo mwizi hawezi kujificha.

Mpinzani wa tatu hasemi kitu hadharani, ila ana nguvu kuliko wote wawili, naye ni soko. Machi 2009 wizara ya ulinzi ya Marekani iliamua kwamba maganda yaliyotumika jeshini yapondwe kabla ya kuuzwa kama chakavu. Wafanyabiashara wanaoyajaza upya walipiga kelele, maseneta wa jimbo la Montana wakaingilia kati, na katika siku chache uamuzi ukageuzwa. Tukio hilo lafaa lisomwe na kila ofisa wa biashara. Linaonyesha kwamba ganda zima na ganda lililopondwa ni vitu viwili tofauti hata kwa uzito uleule wa shaba. Tofauti yao ndiyo iliyowaliza wafanyabiashara hao. Kama ganda lingekuwa chakavu tu, nani angelia likipondwa?

Kutokana na tukio hilo inapatikana dawa iliyo rahisi kuliko zote, nayo ni nyundo. Ganda lolote likipondwa mdomo na kubonyezwa ubavu haliwezi kujazwa tena, lakini thamani yake ya shaba inabaki palepale. Mnunuzi wa chakavu hapotezi hata senti. Basi iwe kanuni kwamba hakuna ganda zima linalopimwa katika mizani ya chakavu, iwe Mbamba Bay, Mbinga, Songea au Mtwara. Vyombo vyenye viwanja vya shabaha na makampuni ya ulinzi na ya uwindaji yahesabu maganda yanayotoka kama yanavyohesabu risasi zinazoingia. Mwenye leseni halali anayetaka risasi mpya arudishe maganda ya zile za zamani. Na mfuko wa maganda yaliyokwisha kusafishwa na kukatwa midomo kwa urefu mmoja, ukikutwa bandarini au stendi, uulizwe kibali kilekile ambacho ungeulizwa mfuko wa risasi.

Watumishi wa umma wanapaswa kujifunza kutambua. Maganda mengi ya bunduki za aina ya Kalashnikov ni ya chuma, na fataki zake ni za mtindo wa Berdan, wenye vitundu viwili vidogo ndani ya kitako. Kuyajaza upya ni taabu kubwa. Yanayotafutwa ni ya shaba ya njano yenye kitundu kimoja katikati, mtindo wa Boxer. Sumaku ndogo itamwambia ofisa kama ganda ni la chuma, na jicho lake litamwonyesha kitundu. Kitako kisicho na fataki, mdomo uliokatwa sawasawa na mng'ao usio na masizi ni ushahidi kwamba mkono wa fundi umekwisha kupita hapo, na kwamba mtu fulani alikusudia kitu. Mambo hayo matatu yaweza kufundishwa katika semina ya asubuhi moja.

Walimu nao wana wajibu wao. Watoto wa kila mahali hupenda kuokota maganda na kuyapuliza kama filimbi, na wachuuzi hupenda kuwatuma watoto kuokota. Mtoto hawezi kutofautisha ganda lililokufa na risasi iliyogoma kulipuka ambayo bado ina fataki hai. Nchi iliyoona misiba ya Mbagala mwaka 2009 na Gongo la Mboto mwaka 2011, ambapo mabomu ya ghalani yaliua watu na kuwatimua wengine makwao, haihitaji kukumbushwa kwamba baruti haina rafiki. Mwalimu aseme darasani kwa lugha nyepesi: kiokotwacho kisichojulikana kisiguswe, mkubwa aitwe. Somo hilo halihitaji kitabu wala bajeti.

Mtendaji wa kata, karani wa bandari, ofisa biashara na mwalimu mkuu hawaombwi kubeba bunduki. Wanaombwa kulitazama ganda kama litazamwavyo na yule anayetaka kulijaza. Yeye tayari anajua kwamba ameshika nusu ya risasi. Kinachobaki ni mtumishi wa umma naye ajue hivyo, na nyundo iwekwe kando ya kila mizani.